Rivolva Nyepesi, Risasi Isiyoumiza Mkono: Namna ya Kuchagua

Swali hili haliishi kuulizwa na wasomaji wanaoishi Marekani. Mtu amenunua rivolva ndogo ya kujilinda, ameipeleka uwanja wa shabaha, amepiga risasi tano, na kiganja kinamwaka moto. Risasi ya sita hataki hata kuisikia. Je, ipo risasi isiyopiga teke kali namna hiyo, na ambayo bado itamfaa siku ya hatari? Anayeuliza anaweza kuwa muuguzi wa zamu ya usiku, mzee mwenye maumivu ya viungo vya vidole, au mwenye duka huko Dallas au Columbus aliyeambiwa kwamba silaha ndogo ndiyo rahisi kwa mgeni wa mambo haya.

Jibu ni kwamba risasi hiyo ipo. Kwa wamiliki wengi wa rivolva ya .38 Special yenye fremu ya aluminiamu, ya kujaribu kwanza ni risasi ya kichwa bapa ya greni 148, yenye presha ya kawaida. Lakini kununua boksi tu hakutoshi. Kuna mambo ya sheria, kuna maandishi ya boksi yanayopotosha, na kuna majaribio ambayo hakuna muuzaji atakayeyafanya kwa niaba ya mnunuzi.

Kabla ya kununua hata boksi moja

Ushauri huu unamhusu mtu mzima mwenye haki ya kumiliki silaha kisheria, katika nchi ambako risasi huuzwa dukani kwa raia. Wageni na wahamiaji wana mambo ya ziada ya kuangalia:

- Aina ya kibali cha kuishi. Mwenye grinkadi kwa kawaida anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki silaha. Mwenye viza ya muda, kwa mfano ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi. Ipo misamaha michache, kama ule wa mwenye leseni halali ya uwindaji. Asiye na uhakika na makaratasi yake amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kushika hata risasi moja.
- Umri. Duka lenye leseni haliruhusiwi kumuuzia risasi za bastola mtu aliye chini ya miaka 21.
- Sheria za jimbo. Illinois inataka kadi maalumu ya mwenye silaha, hata kwa kununua risasi tu. New Jersey ina masharti makali kuhusu kubeba risasi zenye kichwa cha tundu. Anayehama jimbo aanze upya kusoma sheria.
- Safari ya nyumbani. Risasi moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa begi inatosha kumharibia mtu safari nzima. Marekani, risasi haziruhusiwi kabisa kwenye begi la mkononi. Ukifika Kenya au Tanzania, kukutwa na risasi bila kibali ni kosa la jinai. Begi lililowahi kwenda uwanja wa shabaha lisitumike kusafiria.

Kwa nini silaha ndogo inapiga teke kubwa

Smith & Wesson 642, mojawapo ya rivolva zinazobebwa sana Marekani, ina uzito wa gramu 400 na kidogo ikiwa tupu. Ruger LCR ya .38 Special, iliyotoka mwaka 2009, haifiki hata gramu 400. Model 10 ya Smith & Wesson yenye mtutu wa inchi 4, silaha ambayo polisi wa Marekani waliitumia kwa miongo mingi, inakaribia kilo moja. Zote hupiga risasi ileile ya .38 Special.

Mtu akiruka kutoka kwenye jahazi, jahazi halitikisiki. Akiruka kutoka kwenye mtumbwi, mtumbwi unarudi nyuma kwa kasi. Rivolva nyepesi ni mtumbwi: risasi inayosukuma Model 10 kwa upole hupiga mkono kwa nishati zaidi ya mara mbili ikitoka kwenye 642.

Juu ya hapo kuna triga. Triga ya rivolva hizi huhitaji nguvu ya karibu kilo 5 kuivuta, wakati silaha yenyewe haifiki nusu kilo. Mkono unaoogopa teke hukaza mapema, na mtutu unainama kabla risasi haijatoka. Hapo shabaha inapotea, hata kama risasi ni ya bei ghali kuliko zote dukani.

Kusoma boksi bila kudanganyika

Mambo manne kwenye boksi yanamhusu mwenye rivolva nyepesi.

1. Uzito wa kichwa cha risasi. Huandikwa kwa greni, kifupi chake "gr". Greni 148 ni takriban gramu 9.6, na greni 110 ni takriban gramu 7.1. Uzito peke yake hauonyeshi ukubwa wa teke; lazima usomwe pamoja na kasi. Kichwa kizito kinachokwenda polepole kinaweza kuwa rahisi kwa mkono kuliko kichwa chepesi kinachokwenda mbio.
2. Alama ya +P. Maana yake ni presha iliyozidi ya kawaida. Kwa .38 Special, kiwango cha kawaida hakizidi pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, na +P inafika 20,000. Anayetafuta teke dogo aanze na boksi lisilo na alama hiyo. Mwenye rivolva ya zamani ya aluminiamu asitumie +P kabisa mpaka ahakikishe kwamba mtutu umeandikwa hivyo au kitabu cha mtengenezaji kinaruhusu.
3. Umbo la kichwa. JHP ni risasi iliyovikwa shaba na yenye tundu mbele, iliyoundwa ipanuke inapogonga. WC ni wadikata, yaani kichwa bapa kama pipa, chenye ukingo mkali unaokata tundu la duara kamili kwenye karatasi. LRN ni risasi ya mviringo ya madini ya risasi tupu.
4. Kasi. Namba ya futi kwa sekunde kwenye boksi mara nyingi imepimwa kwenye mtutu wa majaribio wa inchi 4 au zaidi. Rivolva ya mfukoni ina mtutu usiotimia inchi 2, kwa hiyo kasi halisi ni ndogo kuliko iliyochapishwa. Kwa risasi inayotegemea kasi ili ipanuke, hilo si jambo dogo.

Kina kwanza, kupanuka baadaye

Aprili 1986, maafisa wawili wa FBI waliuawa mjini Miami katika mapambano ya risasi na majambazi wawili. Uchunguzi uliofuata ulilaumu, pamoja na mambo mengine, risasi iliyopanuka vizuri lakini ikasimama kabla ya kufika ndani ya kutosha. Baada ya hapo FBI iliweka kipimo ambacho watengenezaji wanakifuata hadi leo: risasi ipenye jelatini ya majaribio kwa inchi 12 hadi 18, yaani sentimita 30 hadi 46, hata ikipita kwanza kwenye nguo nzito.

Kwa rivolva yenye mtutu mfupi, kipimo hicho ni kigumu. Risasi ya tundu yenye kasi ndogo ikipita kwenye jaketi la baridi, tundu lake linaweza kuziba kwa nyuzi na risasi isipanuke. Ile nyepesi sana, ikifanikiwa kupanuka, mara nyingi husimama mapema. Mnunuzi amelipia kupanuka, na kupanuka kwenyewe hakuna uhakika.

Wadikata haina ahadi hiyo, kwa hiyo haina cha kuvunja. Haipanuki. Uso wake bapa hukata badala ya kusukuma kando, na ule uzito wa greni 148 huipeleka ndani ya kiwango cha FBI kwa kawaida, hata ikitoka kwenye mtutu wa inchi 2 kwa kasi ndogo.

Chaguo, kwa mpangilio wa kujaribu

1. Wadikata ya greni 148, presha ya kawaida. Federal, Winchester na watengenezaji wengine huiuza kama risasi ya mashindano ya shabaha, kwa kasi ya takriban futi 700 kwa sekunde kwenye mtutu mrefu. Teke lake ni dogo na shabaha yake inasifika. Ina kasoro mbili. Kwanza, kichwa chake hakijitokezi nje ya ganda, kwa hiyo kupakia kwa haraka ni kazi; ukingo hukwama kwenye mdomo wa silinda. Pili, huacha masizi ya madini ya risasi ndani ya mtutu.

Tahadhari: si kila wadikata ni ya upole. Baadhi ya watengenezaji huuza wadikata ya madini magumu yenye baruti nyingi kwa ajili ya kujilinda, na hiyo inapiga teke kweli. Kasi ikikaribia futi 850, hilo si boksi la mtu anayetafuta unafuu.

2. Risasi ya tundu ya greni 110, presha ya kawaida. Hapa ndipo zilipo Federal Hydra-Shok ya teke dogo na Hornady Critical Defense isiyo na +P. Zinapakiwa kirahisi kuliko wadikata kwa sababu kichwa kina mteremko, na teke linavumilika kwa wengi. Zinamfaa anayetaka risasi ya tundu na ambaye mkono wake unazimudu.

3. Risasi ya greni 90, kama Hornady Critical Defense Lite. Imetengenezwa mahususi kwa wanaosumbuliwa na teke. Kichwa chake ni gramu 5.8 tu, na uzito huo mdogo ndio udhaifu wake: kichwa chepesi kinachopanuka huelekea kutofika ndani sana. Ni ya kuchukuliwa pale ambapo mkono umekataa zile mbili za mwanzo.

4. Risasi za +P zilizoundwa kwa mtutu mfupi. Speer Gold Dot Short Barrel ya greni 135 na Federal HST Micro ya greni 130 zinasifiwa, na zimebuniwa kwa kuzingatia mtutu wa inchi 2. Lakini ni +P. Kwenye rivolva ya chuma zinapigika. Kwenye ya gramu 400 wengi huanza kukosa lengo kufikia risasi ya tatu. Azitumie aliyethibitisha kwenye karatasi kwamba anaziweza.

Za kuachwa ni mbili. Ya kwanza ni ile ya zamani ya madini ya risasi, greni 158 +P, iliyopata jina kubwa mikononi mwa FBI na polisi wa Chicago. Ilikuwa nzuri kwenye rivolva nzito. Ya pili ni .357 Magnum kwenye rivolva ya skandiamu au titaniamu. Mwenye silaha ya .357 anaruhusiwa kutumia .38 Special ndani yake, na afanye hivyo. Kinyume chake hakiruhusiwi kamwe.

Siku ya majaribio, hatua kwa hatua

Chukua boksi moja la wadikata na boksi moja dogo la greni 110. Vaa kinga ya masikio na miwani. Mtutu mfupi una mlio mkali kuliko mrefu. Uliza kwanza sheria za uwanja kuhusu kupiga risasi kwa mfululizo.

1. Weka sahani ya karatasi ya chakula, yenye upana wa takriban sentimita 20, umbali wa mita 5.
2. Piga risasi tano za wadikata polepole, ukivuta triga kwa mwendo mmoja mpaka mwisho. Andika ni ngapi zimeingia kwenye sahani.
3. Piga tano nyingine kwa mwendo wa risasi moja kila sekunde. Andika.
4. Rudia hatua ya 2 na ya 3 kwa greni 110, kwenye sahani mpya.
5. Pumzika dakika kumi, kisha rudia zote kwa mkono mmoja tu, ule unaotumika zaidi.
6. Linganisha sahani. Risasi iliyoweka zote tano ndani, kwa haraka, ndiyo inayokwenda hatua inayofuata. Ile nyingine irudi kwenye boksi, hata kama iligharimu mara mbili.

Angalia pia risasi zimeangukia wapi. Rivolva nyingi za aina hii zina kilenga kisichorekebishika, na risasi nyepesi yenye kasi mara nyingi hugonga chini ya pale unapolenga, kwa sababu inatoka kwenye mtutu kabla teke halijauinua. Tofauti ya sentimita mbili au tatu kwa mita 5 si ya kuhangaikia. Ikizidi kiganja, badili risasi.

Mwisho, fanya jaribio la kushtuka. Mwombe rafiki au mkufunzi apakie silinda akichanganya risasi halisi na maganda matupu, bila wewe kuona mpangilio. Triga ikiangukia ganda tupu, mtutu haupaswi kusogea. Ukiinama kama mtu anayechokoa ardhi, umeona kwa macho yako kwa nini sahani ina matundu chini na hakuna katikati. Rudi kwenye risasi ya teke dogo zaidi, na fanya mazoezi ya kuvuta triga nyumbani kwa risasi bandia, risasi zote halisi zikiwa chumba kingine.

Risasi inayochomoka kwenye ganda

Kuna hitilafu ya rivolva nyepesi ambayo wamiliki wengi hawaijui. Silaha inaporuka nyuma kwa nguvu, maganda yaliyobaki kwenye silinda huvutwa nyuma pamoja nayo, lakini vichwa vya risasi hubaki palepale kwa uzito wao. Baada ya mateke matatu manne, kichwa cha risasi ya mwisho kinaweza kujichomoa na kutokeza mbele ya silinda. Silinda inakwama. Silaha imejifunga yenyewe, na kuifungua kunahitaji muda ambao mtu aliye hatarini hana.

Kuipima hitilafu hii ni rahisi:

- Pakia risasi tano za aina unayotaka kubeba. Moja ichore mstari kwa kalamu ya wino kuzunguka pale ganda linapokutana na kichwa. Wadikata, ambayo kichwa chake kimezama, ipimwe kwa kifaa cha kupimia urefu.
- Ipange hiyo iwe ya mwisho, kisha piga nne.
- Elekeza mtutu kwenye shabaha, fungua silinda, toa ile ya tano na uikague.
- Mstari ukiwa palepale, vizuri. Ukionekana umesogea, rudia jaribio. Ukisogea tena, risasi hiyo haifai kwa silaha hiyo.

Hitilafu hii huonekana zaidi kwa risasi kali kwenye silaha nyepesi kupindukia. Ndiyo faida nyingine ya kuchagua teke dogo: risasi zinabaki mahali pake.

Wamiliki wa rivolva zenye silinda ya titaniamu wana onyo jingine. Mtutu wa Smith & Wesson 340PD umeandikwa kwamba kichwa kisipungue greni 120. Onyo hilo linalenga risasi za Magnum, ambazo zikiwa na kichwa chepesi huweza kuila silinda. Mtu anayetafuta unafuu kwa kununua .357 yenye kichwa chepesi anaharibu silaha, na mkono wake hautapata nafuu yoyote.

Makosa yanayorudiwa

- Kununua kwa kuangalia video ya jelatini. Jelatini haina mkono unaouma wala haikosi lengo. Video inaonyesha kitakachotokea kama risasi ikifika.
- Kufanya mazoezi kwa risasi laini na kubeba iliyo kali. Mkono utakutana na teke geni siku mbaya kuliko zote. Risasi ya mazoezi na ya kubeba ziwe sawa, au zikaribiane sana kwa teke na kwa mahali zinapogonga.
- Kuchanganya aina kwenye silinda. Risasi ya pili ikigonga mahali tofauti na ya kwanza, mpigaji hajui arekebishe nini. Mchanganyiko unaokubalika ni mmoja: wadikata tano ndani ya silinda, na risasi zenye kichwa cha mteremko kwenye spidiloda, kile kifaa cha mviringo kinachopakia zote kwa mkupuo, kwa sababu zinaingia haraka.
- Kununua risasi zilizojazwa nyumbani na mtu. Kosa dogo la kipimo cha baruti linaweza kupasua silinda. Kwa kujilinda, nunua za kiwandani.
- Kutosafisha. Wadikata huacha utando wa madini ndani ya silinda na mtutu. Baada ya kila mazoezi pitisha brashi, kisha nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto. Madini ya risasi ni sumu, na watoto wadogo ndio yanaowadhuru zaidi.

Kabla ya kulaumu risasi, tazama mpini

Rivolva nyingi ndogo huuzwa na mpini mfupi, ili zifichike. Kidole kidogo kinabaki kikining'inia, na kila teke kile chuma kinachozunguka triga kinagonga kifundo cha kidole cha kati. Baada ya risasi ishirini ngozi imechubuka. Mpini wa mpira wenye nafasi ya vidole vyote vitatu, unaofunika chuma cha nyuma na kujaza pengo nyuma ya triga, unaweza kupunguza maumivu kuliko kubadili risasi. Kampuni za Hogue na Pachmayr huuza mipini hiyo kwa rivolva za aina karibu zote, na kufunga ni kazi ya bisibisi moja.

Kama silaha bado haijanunuliwa, uzito uangaliwe upya. Ruger SP101 au Smith & Wesson 640, zote za chuma, zinazidi gramu 600. Kwenye sefu ya kando ya kitanda gramu hizo za ziada hazimchoshi mtu, na teke linapungua mara moja. Silaha ya gramu 400 ina maana kwa anayeibeba mwilini kutwa nzima. Kwa silaha ya kukaa nyumbani, kununua iliyo nyepesi hivyo ni kujitafutia maumivu ya bure.

Njia ya tatu ni kubadili ukubwa wa risasi:

- .32 H&R Magnum, iliyotoka mwaka 1984, inaweka risasi sita kwenye silaha ya ukubwa uleule wa .38 ya risasi tano, na teke lake ni dogo. Rivolva yake inakubali pia .32 S&W Long, ambayo ni laini zaidi. Tatizo ni kwamba risasi hizi hazipatikani kila duka.
- .22 LR kwenye Ruger LCR inachukua risasi nane na karibu haina teke. Lakini risasi za .22 hushindwa kulipuka mara nyingi zaidi kuliko zenye fataki, kile kiwashio cha baruti, katikati ya kitako cha ganda. Kwa mkono dhaifu kabisa ni bora kuliko kutokuwa na uwezo wa kupiga. Kwa wengine wote ni silaha nzuri ya mazoezi.

Wanaouliza na kupinga

*"Risasi laini haitamsimamisha mtu."* Risasi za bastola kwa jumla si za kutegemea kumwangusha mtu papo hapo, na tofauti kati ya +P na ya kawaida kwenye mtutu wa inchi 2 ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Mahali risasi ilipoingia na kina ilichofika ndivyo vinavyoamua. Wadikata tano kwenye sahani zinashinda +P moja kwenye sahani na nne ukutani, na zile za ukutani zina jirani nyuma yake.

*"Siku ya hatari mtu hasikii teke."* Huenda asisikie maumivu. Mtutu utaruka vilevile, na mkono uliojifunza kushtuka mazoezini utashtuka pia siku hiyo.

*"Nitazoea +P kwa mazoezi."* Wengine huzoea. Wengi zaidi huacha mazoezi, kwa sababu hakuna anayependa kulipia maumivu. Silaha inayomtesa mwenyewe hubaki kwenye droo mwaka mzima bila kupigwa.

*"Je, wadikata haitapita ukutani?"* Itapita, kama risasi nyingine zote za bastola zinavyopita kuta za mbao na jasi za nyumba za Marekani. Hakuna risasi ya kujilinda unayoweza kuiamini mtu akiwa amelala nyuma ya ukuta huo. Jua mapema ni upande gani wa nyumba wanapolala watoto, na usipige kuelekea huko.

Baada ya kuchagua

Ukishapata risasi iliyofaulu kwenye sahani na kwenye jaribio la kuchomoka, nunua za kutosha kutoka boksi zenye namba moja ya toleo, kisha acha kutafuta. Risasi unayoibeba kila siku ikague kila mwezi: ganda lisiwe na kutu wala ufa, fataki isiwe imezama, kichwa kisilegee. Mara moja kwa mwaka zipige zote uwanjani na upakie mpya. Usizipake mafuta: yakipenya kwenye fataki, risasi inaweza isilipuke.

Silaha isiyo mwilini mwa mwenyewe ifungwe kwenye sefu, mtoto awepo nyumbani au asiwepo. Triga ya kilo 5 ni nzito kwa mtoto mdogo, lakini mtoto anayetumia vidole gumba viwili anaiweza. Sefu ndogo ya kufunguka kwa namba inawekwa kando ya kitanda na haimcheleweshi mtu mzima zaidi ya sekunde chache.

Kwa msomaji aliyesimama mbele ya rafu leo, hukumu ni hii: mpini wa mpira kwanza, kisha boksi moja la wadikata ya greni 148 isiyo na +P. Zikikataa kupakika mkononi mwako, chukua tundu ya greni 110 ya presha ya kawaida. Mkono ukikataa hata hizo, badili silaha, usilazimishe mkono. Na katika saa ya kwanza uwanjani, lipia mkufunzi mwenye leseni asimame kando yako. Bei yake ni ndogo kuliko boksi kadhaa za risasi za kubahatisha.